Kioo Kwenye Ukuta wa Nakwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai, nikaambiwa nibebe udongo na nisiegemee ukuta. Nilidhani fundi anaogopa nitamchafulia rangi. Kumbe ukuta wenyewe ulikuwa umesimama kwa mazoea tu, unasubiri wa kuusukuma.

Ilikuwa Nakwa, nyumbani kwa Petro, miaka ile mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya na mji wetu wa Babati ukageuka makao makuu. Nyie mlizaliwa mkaukuta mkoa upo, mnadhani ulikuwepo siku zote. Sisi tuliuona ukija. Walikuja makarani, walimu, mahakimu, wenye maduka kutoka Moshi na Singida na Kondoa, na kila mmoja alitaka pa kulala. Mashamba ya mahindi yakawa viwanja. Asubuhi ulipita pana maharage, ukirudi jioni kuna mtu anapima kwa kamba.

Petro hakuwa mgeni. Alikuwa Mwiraqw kama mimi, mkulima, ukoo wao wa Dareda. Lakini naye aliwaona wenzake wanajenga, akasema na yeye mama yake atalala chini ya bati kabla hajafa. Akachoma matofali, akajenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Katika ukoo wao ndiyo ilikuwa ya kwanza ya namna ile. Jiko aliliacha kule nyuma, ile nyumba ya zamani ya miti na udongo ambayo mama yake, Mama Petro, alikataa isibomolewe.

Sasa kosa la Petro lilikuwa kosa letu watu wa huku. Sisi tunajenga kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na mikono iko huru. Na kiangazi, udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, unakuwa mgumu mpaka sululu inatoa cheche. Petro alichimba msingi, akapiga sululu ikadunda, akapiga kisigino, akasema hapa nimefika kwenye mwamba. Akajenga juu yake. Masika yalipokuja ule mwamba wake ukalainika, ukavimba kama unga wa maandazi ulioumuka. Kiangazi kikarudi ukasinyaa, ukapasuka nyufa za kumeza fimbo ya kuchungia. Nyumba ikapanda, ikashuka. Nyumba haijui kupanda na kushuka. Ikachanika.

Ndipo akaitwa Fundi Mkuu Elibariki, Mnyaturu wa Singida, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Kazi yake haikuwa kujenga. Yeye alirekebisha misingi ya nyumba zilizotitia, na Babati nzima sikumjua mwingine. Mimi nilikuwa mjane, watoto bado wanasoma, nimesikia anatafuta saidia fundi, yaani wale wa kubeba maji, mchanga na kokoto. Nikaenda.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Unaitwa nani, mama?"

"Mama Anjela."

"Mama Anjela, hapa kwetu kazi inaanza kwa kunyamaza. Weka karai chini kwanza."

Akaweka sikio ukutani. Sote tukanyamaza, hata kuku nadhani walinyamaza. Nami nikasikia. Ndani ya ule ukuta kulikuwa na sauti ndogo, tk, tk, kama mtu anayevunja vijiti mbali. Nimezaa, nimezika, nimewahi kufukuza fisi kwa mwenge, lakini sikuwa nimewahi kusikia nyumba ikisema.

Kisha akaanza kuusoma ufa. Alinionyesha kwa kidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto herufi. Ufa ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ujue ncha ya nyumba inaanguka kwenda nje. Ukiwa mpana chini, katikati ndipo panapozama. Ukipanda kama ngazi, unafuata maungio ya matofali, basi kona imeondoka na udongo wake. Mimi niliishia darasa la tatu, na kitabu nilichokuja kukisoma vizuri maishani ni hicho.

Halafu akatoa mfukoni kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, urefu wa kidole. Akakilaza juu ya ufa kama daraja, akakigandisha huku na huku kwa saruji.

"Huyu ni shahidi," akasema. "Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Hana ndugu, hali rushwa, hasinzii."

Mnyapara wetu, Bura, akacheka. "Angekuwa na mdomo tungempeleka mahakamani."

Huyo Bura ndiye aliyetusimamia wabebaji. Alikuwa mfupi, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. "Mama Anjela! Hilo karai unalibeba kama umebeba mtoto wa mchungaji! Kimbia, halijabatizwa!" Wiki ya kwanza nilimchukia. Baadaye nikagundua kwamba anayetukanwa na Bura hachoki, maana anabaki anatafuta la kumjibu.

Mara ile ya kwanza tuliifunga kona iliyokuwa imezama, upande wa barabara. Kufunga maana yake ni hivi: unachimba chini ya msingi wa zamani, kipande kimoja, unashuka mpaka uupite ule udongo mweusi wote ukutane na changarawe nyekundu isiyojua masika wala kiangazi. Hapo unajaza mawe na zege mpaka karibu na msingi wa juu. Pale juu kabisa unaacha nafasi ya ngumi, na zege likishakauka unaishindilia saruji iliyoloweshwa kidogo tu, kwa kipande cha ubao na nyundo, mpaka ukuta mzima uwe umekaa juu yake. Kisha unaruka, unachimba kipande cha mbele, si kinachofuata. Ukichimba viwili vinavyopakana, nyumba inakukalia.

Nilivyoiona ile changarawe nyekundu mara ya kwanza, chini kabisa, ilinijia kama siri. Tulikuwa tumelima juu yake, tumecheza ngoma juu yake, tumezika wazee wetu, wala hatukujua kwamba chini ya weusi wote ule kuna kitu kimelala hakisogei.

Kona ikasimama. Petro akachinja mbuzi, Fundi Mkuu akaweka shahidi mwingine juu ya ufa mdogo kwenye ukuta wa chumba cha kulala, akasema tutaona. Tukaondoka.

Kutoka hapo tulifanya kazi Bagara, nyumba ya nesi Veronika, ambako mkaratusi uliopandwa dirishani ulikuwa unakunywa maji yote ya chini na kuuacha udongo umekauka upande mmoja. Fundi Mkuu aliukata mti kabla hajagusa msingi, nesi akalia kwa kivuli chake. Tukaenda Dareda, nyumba ya Mwalimu Faustini, tukakuta hata msingi hauna kosa, ni maji ya bati tu yanaanguka sehemu moja mvua zote na kulainisha kona. Tulimwekea mfereji wa bati na sakafu nyembamba ya zege kuzunguka nyumba, yenye mteremko wa kupeleka maji mbali, na ufa haukuongezeka tena. Niliona jinsi kazi ile ilivyokuwa ya kuuliza kabla ya kuchimba. Fundi Mkuu alikuwa anauliza hata wapi wanamwaga maji ya kuoshea vyombo.

Siku hizo nilishatoka kwenye karai. Kwa kuwa nilikuwa na macho mazuri ya karibu, Fundi Mkuu alinipa kazi ya kuangalia mashahidi. Nazunguka nyumba tulizofanya, naangalia vioo, naleta habari. Bura akanipa cheo. "Pisheni, Polisi wa Vioo anapita!"

Basi ndivyo nilivyofika tena Nakwa, mwisho wa kiangazi kimoja kirefu. Shahidi wa chumba cha kulala alikuwa mzima, lakini kando yake, nyembamba kama mstari wa kalamu, palikuwa na ufa mpya unaopanda kwenda kwenye bati. Na chumbani humo, kitandani, alikuwepo Neema, mke wa Petro, amejifungua mtoto wa kiume siku chache tu zilizopita.

Nilirudi mbio. Fundi Mkuu akaja, akatazama. Kona yetu ilikuwa imara kabisa, haina hata alama. Nyumba iliyobaki ndiyo ilikuwa inajiondoa kwenye kona.

Alienda kumwita Mhandisi Joakimu, Mhaya, kijana mwenye miwani aliyekuja na mkoa mpya. Fundi Mkuu alimheshimu sana ingawa alikuwa sawa na mwanawe. Mhandisi alizunguka nyumba kimya, akachuchumaa kwenye kona, akaigonga.

"Kona mmeifunga vizuri mno," akasema. "Imesimama kwenye changarawe, haipandi wala haishuki. Nyumba iliyobaki iko juu ya udongo mweusi, inapanda na kushuka kila mwaka. Ni kama mmemfunga ng'ombe mguu mmoja kwenye mti halafu mkamfukuza."

Fundi Mkuu akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza naona kichwa chake, kina mvi tupu. "Kweli," akasema. "Tulitibu pale palipolia. Sasa tufanyeje, mheshimiwa?"

"Mfunge nyumba yote. Kuta zote zifike kule kona ilikofika. Na mfanye kabla ya mvua, maana maji yakiingia kwenye mashimo yenu, kuta zitakaa chini." Akageukia mlango wa chumba. "Na humo ndani asilale mtu."

Mama Petro alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga shuka, fimbo magotini. "Shikamoo bibi," Mhandisi akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyie chimbeni. Mzazi hatoki."

Lazima niwaeleze, maana siku hizi mnajifungua hospitali na kesho mko kwenye bodaboda. Kwetu mzazi alikaa ndani mpaka siku zake ziishe. Hakutoka akasimama chini ya anga na kile kichanga. Anga lisimwone, tulisema. Mama Petro alikuwa amezika wajukuu wawili, watoto wa Neema, kabla ya huyu, wote wachanga. Wa mwisho alitolewa nje mapema kwa sababu ya harusi ya jirani. Kwa hiyo msimwone mkorofi. Alikuwa analinda mtoto kwa ukuta aliokuwa nao.

Tukaanza upande wa sebule, mbali na chumba, tukitumaini siku za Neema zitaisha kabla hatujafika kwake. Tulichimba kwa kurukaruka, tukajaza, tukasubiri, tukashindilia. Mashimo tuliyafunika kwa turubai letu la lori, moja tu, zito, la kijani. Kila asubuhi nilipita kwa Mama Petro, namwamkia, naingia chumbani kuangalia kioo, namwangalia na mtoto. Neema alikuwa anaogopa.

"Mama Anjela, usiku nasikia ukuta unatafuna."

"Unajinyoosha tu, mwanangu."

"Usinidanganye. Wewe ukitazama kile kioo unabana midomo."

Asubuhi moja niliingia nikakuta kioo kimekatika. Kimekatika safi, nusu huku, nusu kule, na katikati naweza kupitisha kucha. Nikapeleka mkono kwenye ufa, nikahisi upepo wa nje. Ukuta wa chumba ulikuwa umeanza kwenda.

Nilipotoka nje kumwita Fundi Mkuu, niliona Mlima Kwaraa hauna kichwa. Wingu lilikuwa limeukalia mpaka mabegani, jeusi. Mvua za kwanza.

Walikuja wote mbio, na Mhandisi akafuatwa kwa baiskeli. Fundi Mkuu akaeleza kwa maneno machache: ukuta lazima ubebwe leo. Watatoboa matundu chini yake, wapenyeze magogo, yaani sindano, waweke jeki za lori kila ncha, ndani na nje, na kuuinua mpaka urudi mahali pake. Kazi hiyo haifanyiki mtu akiwa kitandani humo ndani.

"Mama," Petro akamwambia mama yake, "ukuta utawaangukia."

"Na anga je? Anga halijawaangukia wale wawili?"

Mhandisi, namshukuru mpaka leo, hakucheka wala hakutoa hotuba. Akauliza tu, "Bibi, ni nini hasa kinachokatazwa? Kutoka kwenye chumba, au kutoka nje?"

"Kutoka nje. Kusimama pasipo paa."

Hapo ndipo niliposema mimi. Nilisema kule nyuma kuna jiko, lina paa. Tukipata paa la kutembea kutoka mlango huu mpaka mlango ule, mzazi hatakuwa amesimama nje hata kidogo.

Mama Petro akanitazama. "Kanga si paa. Paa ni kile ambacho mvua haipiti."

Sote tuligeuka kwa pamoja tukalitazama turubai, limelala juu ya mashimo ya sebule.

"Nikiliondoa," Fundi Mkuu akasema polepole, "na mvua ikashuka, mashimo yanajaa. Ukuta wa sebule unakwenda. Nyumba yote inakwenda."

Ngurumo ikapita juu ya mlima. Nilimtazama Petro. Alikuwa anaitazama nyumba yake, matofali aliyoyachoma mwenyewe, kisha akautazama mlango wa chumba. Akasema, "Ondoeni."

Fundi Mkuu akarudisha kofia kichwani. "Bura. Chukua turubai."

Tulilishika watu wa kila aina: wachimbaji, majirani, Mama Gidion wa duka la jirani aliyeacha mizani yake hewani, Mhandisi mwenyewe kwenye kona moja na miwani yake imejaa vumbi. Tukaliinua juu ya vichwa kwa mikono na vijiti. Wafupi walisimama juu ya ndoo kisha wakahamisha ndoo. Neema akatoka mlangoni amefunikwa shuka, mtoto kifuani, Mama Petro nyuma yake ameshika kiuno chake. Tukatembea. Hakuna aliyesema, isipokuwa Bura, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananong'ona: "Taratibu. Taratibu, wazee wangu. Mguu, mguu."

Katikati ya uwanja tukasikia tone la kwanza. Pa. Likatua juu ya turubai kama jiwe. Kisha la pili. Kijiti cha Mama Gidion kikayumba, mwanga ukaingia upande mmoja, na Mama Petro akaunyoosha mkono wake mkavu akaushika upindo wa turubai, akaushusha. Tukafika. Neema akainama akaingia jikoni bila kuliona anga.

"Rudisheni!" Fundi Mkuu alipiga kelele, na sijawahi kuona watu wanakimbia vile. Turubai liliruka uwanjani kama mnyama. Lilipotua juu ya mashimo, mvua ikafunguka yote.

Kazi ya kuinua ilifanyika kwenye mvua hiyo. Magogo yakapenya, jeki zikakaa. Fundi Mkuu akanipeleka chumbani, kitanda kimeshatolewa, akanisimamisha mbele ya kile kioo kilichokatika. "Wewe usiangalie watu. Angalia zile nusu mbili. Useme unachoona, usiongeze."

Bura akawa anahesabia watu wa jeki, ndani na nje, ili wazungushe pamoja. "Haya... robo! Simama. Haya... robo! Simama." Ukuta ukanguruma. Si mlio, ni mngurumo, niliusikia kwenye meno. Vumbi likashuka kutoka kwenye bati. Nikajiuliza tofali ngapi zile, bati, mbao, vyote viko juu ya mikono ya watu wenye njaa wanaozungusha vyuma vya lori.

"Mama Anjela?"

"Bado."

"Haya... robo! Simama."

"Mama Anjela?"

Zile nusu mbili zilikuwa zinaangaliana. Nikaona ile nafasi ya kucha inapungua. Ikawa unene wa kanga. Ikawa unywele. Mimi siku zote nilijua nyumba inaanguka, nyumba inajengwa. Sikujua nyumba inaweza kurudi. Ilikuwa inarudi mbele ya macho yangu, kitu kizito kuliko ng'ombe wote wa Dareda, inarudi kidogo kidogo kwa adabu, na vile vipande vya kioo vikasogeleana vikagusana. Vilitoa sauti ndogo, ting.

"Simama!" nilipiga kelele. "Imefika! Simama!"

Nje mvua ilikuwa inapiga, ndani tulikuwa tunapumua tu. Kisha mlango wa chumba, ambao kwa miezi mingi ulikuwa umekwama na Petro akiufungua kwa bega, ukafunguka wenyewe taratibu, ukagonga ukuta. Kule jikoni mtoto akaanza kulia kwa nguvu. Fundi Mkuu akavua kofia tena. Bura alifungua mdomo akaufunga, na siku ile niliushinda mdomo wa Bura.

Mvua ilipokatika tuliendelea, kipande baada ya kipande, mpaka nyumba yote ikakaa juu ya changarawe nyekundu. Mhandisi alikuja mara nyingi kuliko alivyotakiwa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya jiko la zamani, ameweka kiganja kwenye ukuta wa udongo.

"Hili lina miaka mingi kuliko mimi," akasema, "na halina msingi hata kidogo. Udongo ukipanda linapanda nao, ukishuka linashuka nao. Halina cha kuvunjika." Akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi.

Mama Petro akamjibu kutoka ndani, "Ndiyo maana nilikataa. Nyie mlidhani ni uzee."

Mwishoni Fundi Mkuu aliukwangua ufa, akaujaza, na juu yake akagandisha shahidi mpya. Tulipotaka kupaka rangi, akakataa pale. "Kioo kibaki. Siku kikikatika, mniite." Mtoto alipewa jina Tluway, ambalo kwa Kiiraqw ni mvua.

Fundi Mkuu hakuitwa tena. Alirudi kwao Singida akazeeka huko, na habari ya kifo chake aliniletea Bura mwenyewe, bila mzaha wowote, akakaa nje kwangu muda mrefu akichora chini kwa kijiti. Mhandisi alihamishwa. Mama Petro alifariki chini ya bati, kama mwanawe alivyotaka. Mimi niliendelea na nyumba nyingine mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa. Mtu asiyeweza kuchuchumaa hawezi kusoma ufa, maana ufa unasomwa kuanzia chini.

Nyie mnaojenga sasa, mji umepanuka, viwanja vimefika mbali kuliko tulivyowaza. Nawaona mnapiga kisigino mwezi wa tisa. Chimbeni mpaka muuone wekundu. Mkishauona, simameni kidogo, muuangalie. Mimi kila mara nilisimama, miaka yote ile, na kila mara ulikuwa kama mara ya kwanza.

Juzi alinijia Tluway na bajaji yake. Ni mtu mzima sasa, ana ndevu. "Bibi, mama anakuita. Mke wangu amejifungua." Nikapanda, magoti yangu na yote, tukaenda Nakwa.

Neema alikuwa mlangoni mwa chumba, amekaa, shuka mabegani. Alinipisha. Ndani, binti wa watu amelala na kichanga chake, macho yamemjaa usingizi.

"Bibi," akaniuliza, "hivi hicho kioo ukutani ni cha nini? Nimemwambia Tluway akibandue, mama mkwe ananikaripia."

Nikakisogelea. Kilikuwa kimejaa vumbi, sikuweza kuona. Nikakifuta kwa pindo la kanga, nikaweka kidole upande mmoja na kukipitisha taratibu, juu ya daraja lile lote, mpaka upande wa pili.

Neema aliniangalia mdomoni. "Mama Anjela?"

"Lala, mwanangu," nikamwambia mzazi. Kidole hakikukwama popote.